Git na LaTeX kwa waandishi wa Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wenzangu tunaoandika nao: wanafunzi wa uzamili hapa Mbeya, walimu wa Iringa, na kikundi chetu cha watu watatu tulioandika mwongozo wa kilimo cha viazi mviringo, mmoja akiwa Uyole, mwingine Njombe, mwingine Mafinga. Nachukulia kwamba LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya kuchapwa, umeshaionja kidogo. Git naieleza tangu mwanzo.

Git ni nini, na inamhusu nini mtu anayeandika tasnifu?

Ni programu inayotunza historia ya folda. Kila unapoiagiza, inapiga picha ya mafaili uliyoyachagua, inaandika jina lako, tarehe na saa, pamoja na maneno machache uliyoyaweka kueleza ulichobadilisha. Kufanya hivyo tunaita kukomiti, na picha yenyewe ni komiti. Folda yenye historia yake tunaiita repo. Baada ya miezi sita unaweza kuuliza: sentensi hii kuhusu ukungu wa viazi iliingia lini, nani aliiandika, na kabla yake palikuwa na maneno gani?

Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya mfumo endeshi wa Linux, baada ya wajenzi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, programu nyingine ya kutunza historia ya mafaili. Watu hao walikuwa wametawanyika duniani kote, kwa hiyo kila mmoja alihitaji kuwa na historia nzima kwenye mashine yake, afanye kazi bila kusubiri seva. Hapo ndipo Git inapotufaa sisi wa huku. Ukiwa Makete, mtandao umepotea tangu asubuhi, bado unakomiti, unasoma historia, unalinganisha sura ya leo na ya mwezi uliopita. Mtandao unauhitaji dakika chache tu, wakati wa kubadilishana na wenzako.

Kwa nini LaTeX? Word haitoshi?

Kwa barua ya kurasa mbili, Word inatosha. Lakini Git hulinganisha mafaili mstari kwa mstari, na faili la docx ni kifurushi kilichobanwa; ukiiuliza tofauti iko wapi, itakujibu tu kwamba mafaili hayafanani. Faili la LaTeX ni maandishi matupu, kila neno linaonekana.

Zaidi ya hapo, TeX ya Donald Knuth ipo tangu 1978, na LaTeX ambayo Leslie Lamport aliijenga juu yake ni ya miaka ya 1980. Vitu vilivyodumu hivyo navikabidhi kazi yangu bila wasiwasi.

Kompyuta yangu ni ya kawaida na bando ni la kuhesabu. Nitaweza?

Git ni nyepesi. Uzito uko kwenye LaTeX. TeX Live, mkusanyo wa LaTeX na vifurushi vyake, ukiwa kamili ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo usiipakue kwa bando la simu. Tafuta mwenye nakala chuoni uichukue kwa flashi, au weka mpangilio mdogo wa TeX Live kisha uongeze vifurushi unavyovihitaji. MiKTeX, mkusanyo mwingine wa LaTeX, nayo huanza ndogo, ila inapakua kifurushi pale hati inapokihitaji. Ikiwa hiyo ni saa nne usiku na bando limeisha, kazi inasimama hapo. Mimi hukompaili (yaani naiagiza LaTeX itoe PDF) hati nzima mara moja nikiwa penye mtandao mzuri, ili vyote viingie mapema.

Tunaanzaje?

Ndani ya folda ya kazi:

`git init`
`git add kitabu.tex sura1.tex sura2.tex marejeo.bib`
`git commit -m "Mwanzo wa mwongozo"`

Kabla ya hapo jitambulishe mara moja kwa `git config --global user.name` na `user.email`, ukiweka jina ambalo wenzako watalitambua. Wapo wanaoandika "admin" au jina la kompyuta ya kuazima, na baadaye hakuna anayejua sura ya nne ni ya nani.

Kila sura iwe na faili lake, na `kitabu.tex` iziite kwa `\include`. Watu wawili wanaoandika sura mbili tofauti hawatagongana hata siku moja.

Kisha tengeneza faili linaloitwa `.gitignore`, uorodheshe ndani yake vitu ambavyo LaTeX huvizalisha yenyewe: `*.aux`, `*.log`, `*.toc`, `*.out`, `*.bbl`, `*.blg`, `*.synctex.gz`. Hivi hubadilika kila unapokompaili, na vikiingia kwenye historia vitawagombanisha kila siku kwa jambo lisilo na maana. PDF nayo iache nje. Inatoka kwenye maandishi, na yeyote mwenye maandishi ataitoa tena.

Kanuni gani moja ungetuachia kama ungetakiwa kuchagua moja tu?

Kila sentensi ikae kwenye mstari wake.

LaTeX huchukulia mwisho wa mstari kama nafasi ya kawaida; aya mpya huanza pale tu palipo na mstari mtupu. Kwa hiyo ukibonyeza Enter baada ya kila nukta, kitabu kilichochapwa hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kile Git inachokiona. Aya nzima ikiwa mstari mmoja, kurekebisha koma moja kunaifanya Git iseme aya yote imebadilika, na wenzako wawili waliogusa aya hiyo, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni, watagongana bila sababu. Sentensi zikitengana, tofauti inasomeka kama mazungumzo: hii imeondoka, hii imeingia. Brian Kernighan wa Bell Labs aliwashauri hivi watumiaji wa Unix mwaka 1974, miaka thelathini na zaidi kabla ya Git, kwa sababu ileile: mtu anayerekebisha maandishi hushughulika na sentensi.

Faida nyingine sikuitegemea. Sentensi ndefu inajitokeza yenyewe kwenye skrini. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na sentensi za maneno sitini, na tulizikata kwa sababu tu tuliziona zikienda mbali kuliko nyingine.

Ukishaweka kanuni hii, zima kwenye kihariri chako uwezo wa kukata mistari chenyewe. Mtu mmoja mwenye kihariri kinachopanga aya upya anaweza kubadilisha mistari mia tatu bila kubadilisha neno hata moja. Kama mabadiliko bado hayasomeki vizuri, `git diff --word-diff` hukuonyesha neno kwa neno.

Mgongano ni nini, na nifanye nini ukitokea?

Wewe na mwenzako mmegusa mstari uleule, Git haiwezi kuchagua, inawaachia ninyi. Ndani ya faili utaona hivi:

```
<<<<<<< HEAD
Acha sentimita 75 kati ya mstari na mstari.
=======
Acha sentimita 70 kati ya tuta na tuta.
>>>>>>> njombe
```

Juu ni yako, chini ni ya mwenzako. Futa alama tatu, bakiza sentensi iliyo sahihi au andika mpya inayochukua ukweli wa zote mbili, kisha `git add` na `git commit`. Kiufundi imeisha.

Ila tazama mfano wenyewe. Hapo hakuna tatizo la kompyuta. Kuna watu wawili wenye vipimo viwili, na kila mmoja ana shamba lililomfundisha. Mpigie simu. Mara nyingi mgongano wa Git ndiyo mara ya kwanza waandishi wanagundua kwamba hawakubaliani, na ni afadhali wagundue hapo kuliko mkulima agundue kwenye kitabu.

Kuna hatari moja inayonihuzunisha kwa sababu imetupata. Ukisahau kufuta alama hizo, LaTeX kwa kawaida haitalalamika. Kwake ni herufi kama nyingine, itazichapa tu, na sentensi zote mbili zitatoka zikifuatana. Tulitoa nakala za majaribio, tukazigawa, na msomaji ndiye aliyetuuliza ashike kipimo kipi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchapa chochote naandika `git grep "<<<<<<<"` na sigusi printa mpaka nione hakijapatikana kitu.

Nikivuta kazi ya mwenzangu, Git inakataa na kusema matawi yametofautiana. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Tawi ni mkondo mmoja wa komiti; wewe na mwenzako kila mmoja amekomiti kivyake tangu mlipobadilishana mara ya mwisho. Matoleo ya Git ya tangu 2021 hayakisii tena namna ya kuunganisha, yanataka uchague. Andika mara moja `git config --global pull.rebase false`, kisha rudia `git pull`. Na ujizoeze: vuta (`git pull`) kabla ya kuanza kuandika, sukuma (`git push`) kabla ya kufunga kompyuta.

Repo yetu tuiweke wapi mtandaoni?

GitHub au GitLab, tovuti zinazohifadhi repo. GitHub ilifungua repo za siri bila malipo Januari 2019, zikiwa na kikomo cha washiriki watatu, na Aprili 2020 ikaondoa kikomo hicho. Tasnifu ambayo haijatetewa iweke siri. Jambo linalowakwamisha wengi: tangu Agosti 2021, GitHub haikubali nywila ya akaunti unaposukuma kazi kwa Git. Unahitaji tokeni (msimbo wa siri unaoutengeneza kwenye akaunti yako) au ufunguo wa SSH (faili la siri linalokaa kwenye kompyuta yako). Watu wanabadilisha nywila mara tano wakidhani wameisahau, kumbe ni sahihi, mlango tu ndio umebadilishwa.

Overleaf je? Si rahisi zaidi?

Overleaf ni tovuti ya kuandikia LaTeX kwenye kivinjari. Ni rahisi, na kwa mtu anayeanza LaTeX naipendekeza: hakuna cha kusakinisha, na mnaandika pamoja mkionana. Lakini inataka mtandao muda wote mnaoandika, na kuiunganisha na Git kunahitaji akaunti ya kulipia. Kwa walio chuoni penye mtandao wa uhakika, sawa. Kwa sisi ambao mvua za Januari zikianza mtandao na umeme vinapokezana kuondoka, nimeona Git ikiokoa siku nyingi za kazi.

Mwenzetu mmoja hana mtandao kabisa. Tumwache nje?

Hapana, na hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu.

Git inaweza kufunga repo nzima, pamoja na historia yake yote, ndani ya faili moja:

`git bundle create mwongozo.bundle --all`

Faili hilo linabebeka kwa flashi, kwa WhatsApp likitumwa kama hati, kwa njia yoyote inayobeba faili. Mpokeaji anaandika `git clone mwongozo.bundle` na ana kila kitu ulichonacho. Akishaandika sehemu yake anakufungia la kwake, wewe unalivuta: `git pull mwongozo.bundle main`. Kama tawi lenu linaitwa `master`, weka jina hilo. Maandishi matupu ni mepesi; sura kumi zenye historia ya mwaka mzima, bila picha, ni ndogo kuliko wimbo mmoja kwenye simu. Flashi yetu imepanda basi kutoka Njombe hadi Mbeya mara nyingi, na kila ilipofika kazi iliungana kama vile tungekuwa chumba kimoja.

Njia ya pili ni kuifanya flashi yenyewe kuwa kituo. Andika `git init --bare E:/mwongozo.git`, kisha kila mmoja anasukuma na kuvuta kwenye flashi hiyo. Hapa utakutana na kikwazo ambacho hakielezwi mara nyingi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazirekodi mwenye faili ni nani, na Git ya tangu 2022 hukataa folda isiyo na mwenyewe anayejulikana. Iambie kwamba unaiamini:

`git config --global --add safe.directory E:/mwongozo.git`

Flashi hupotea na hushika virusi, kwa hiyo isiwe nakala pekee.

Umeme ukikatika katikati ya kukomiti?

Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS inaweza kutokea kwamba faili moja ndani ya folda ya `.git` linabaki tupu, na Git inagoma. Andika `git fsck` uone limeharibika nini. Dawa ya haraka: weka pembeni nakala ya mafaili unayoyaandika, chukua repo upya kwa mwenzako au kwenye seva, kisha rudisha mafaili yako juu yake na ukomiti. Kila mwenye nakala ana historia yote mpaka pale alipovuta mara ya mwisho, kwa hiyo kinachoweza kupotea ni kazi ambayo hujaisukuma tu.

Kwa nini Git inasema "ng'ombe" imebadilika wakati ni ileile?

Kwa sababu kuna alama mbili. Moja ni ya wima inayotoka kwenye kibodi ('), nyingine ni iliyopinda (’) ambayo Word huiweka yenyewe. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni herufi tofauti. Mwenzako akinakili aya kutoka Word, kila ng'ombe, ng'ambo na kung'oa zinahesabika kuwa zimebadilika, na ukitafuta neno unapata nusu yake. Kubalianeni kutumia ya wima kila mahali. LaTeX huigeuza kuwa iliyopinda wakati wa kuchapa, kwa hiyo kitabu kitatoka kizuri.

Wanaoandika lugha zetu za nyumbani wana kazi zaidi. Kinyakyusa kina irabu saba, na baadhi ya waandishi hutumia ɨ na ʉ. Kwa hati kama hiyo tumia XeLaTeX au LuaLaTeX, aina za LaTeX zinazotumia fonti za kompyuta yako moja kwa moja, na fonti yenye herufi hizo, mfano Charis SIL au Gentium. Andikeni kwenye faili la maelezo ndani ya repo mmechagua tahajia ipi na fonti ipi. Bila hivyo, kila mmoja "atamsahihisha" mwenzake mpaka mchoke.

Marejeo yetu yanagongana kila wiki.

Kwa sababu kila mtu anaongeza ingizo jipya mwisho wa faili la `.bib`, na mwisho huo ni mstari mmoja kwa wote. Pangeni kwa alfabeti, kila ingizo likae mahali pake. Migongano itapungua siku hiyohiyo. Kamusi nayo vilevile.

Na majedwali?

Safu mlalo moja ya jedwali, mstari mmoja wa faili. Acheni tamaa ya kupanga alama za & zinyooke; ukiongeza neno refu moja unalazimika kusogeza nafasi kwenye mistari yote, na Git itaona yote imebadilika. Takwimu nyingi zikae kwenye faili la CSV ambalo LaTeX inalisoma.

Picha za shamba?

Punguza ukubwa kabla ya kuziingiza. Git haisahau: picha ya megabaiti nane uliyoiweka na kuifuta bado imo kwenye historia, na kila anayechukua repo anaipakua. GitHub hulikataa faili linalozidi megabaiti 100.

Msimamizi wangu hataki kusikia habari za Git. Anataka karatasi.

Mpe karatasi. Ni haki yake. Ila mpe karatasi inayomrahisishia kazi. Programu ya latexdiff hulinganisha matoleo mawili na kutoa PDF ambayo maneno yaliyoondolewa ni mekundu yenye mstari katikati, na yaliyoongezwa ni ya bluu yenye mstari chini. Kila unapomkabidhi rasimu weka lebo, mfano `git tag rasimu-2`, na safari inayofuata andika:

`latexdiff-vc --git --flatten --pdf -r rasimu-2 kitabu.tex`

TeX Live ya Windows huja na Perl ambayo programu hii inaihitaji. Kwenye MiKTeX utaiweka mwenyewe. Nimeona msimamizi aliyekuwa akikaa na rasimu wiki tatu akiirudisha kwa siku nne, kwa sababu hakulazimika kusoma upya kurasa alizokwisha kuzipitisha.

Maoni yake ya kalamu yaingize kwa komiti moja moja, na kwenye ujumbe uandike ni oni lipi: "Oni la 7: fafanua sampuli ya kata". Akikuuliza ulifanya nini kuhusu oni la saba, unamfungulia pale pale.

Mwandishi mkuu wetu ni mzee. Naogopa kufuta sentensi zake.

Ni vizuri kuogopa kidogo. Usimfutie kwenye tawi kuu akaja kukuta maneno yake hayapo. Fungua tawi pembeni, `git switch -c mapendekezo`, fanya marekebisho yako humo, toa ile PDF ya rangi, mpelekee: "Shikamoo mzee, nimependekeza haya, naomba uyapitie." Akikubali unaunganisha kwa `git merge`. Akikataa, maneno yake yako salama na tawi lako linabaki kama kumbukumbu. Mzee wetu mmoja alikataa theluthi nzima ya mapendekezo yangu, na nilipoyasoma tena niliona sehemu kubwa alikuwa sahihi: nilikuwa nimefuta maneno ya wakulima nikaweka ya ofisini.

Tunaweza kutumia hesabu ya komiti kupanga majina ya waandishi?

Nakusihi msifanye hivyo. `git shortlog -sn` huhesabu nani amekomiti mara ngapi, basi. Mtu aliyetembea vijiji vya Uporoto siku kumi akikusanya takwimu anaweza kuwa na komiti moja, na aliyesahihisha koma akawa na mia. Majina yapangeni mkiwa mmekaa, mapema.

Ujumbe wa komiti uandikwe kwa lugha gani?

Kwa lugha mnayoongea kazini. Wetu ni Kiswahili. "Rekebisha idadi ya mifuko ya mbolea, jedwali la 2" inamwambia mwenzangu kila kitu. "Marekebisho" haimwambii chochote.

Anayejua Word tu tumfanyeje?

Aandike kwa Word, na mmoja wenu awe karani wa kuhamisha. Pandoc itageuza docx kuwa LaTeX vya kutosha kwa kuanzia, kisha karani anatenganisha sentensi, anasafisha zile alama za ng', na anakomiti kwa jina la mwandishi: `git commit --author="Jina <barua pepe>"`. Msimbebeshe mtu Git kwa nguvu akiwa na tarehe ya mwisho wiki ijayo.

Kitabu kimeshachapwa. Repo tuifanye nini?

Weka lebo kwenye komiti iliyokwenda kiwandani, tengeneza bundle, na uihifadhi mahali patatu pamoja na PDF yenyewe. Sisi lebo yetu ni `chapa-1`. Komiti ya kwanza baada yake inatokana na mkulima wa Uporoto aliyetuonyesha kwamba mchoro wetu wa tuta ulikuwa unaelekea na mteremko badala ya kuukata. Ujumbe wake unasema: "Geuza mchoro wa 4, maji yatabeba udongo."